Mkono wa Amuri haupigi

Kulthumu weye, acha hayo mawese usome!

Mwamini amemukuta kaka yake, Amuri, yule aliyekimbia mauaji ya mwaka wa 72 akarudi juzi kutoka Ubelgiji, amelala mchana. Akamushika mkono: mshipa haupigi. Haupigi kabisa!

Akalia, akachukua kitambaa, akaanza kumufunga kidevu kama maiti. Kumufunga, Kulthumu!

Amuri akafumbua macho: "Dada, unanifunga kinywa na sijala?"

Kumbe alituficha! Iko pampu kifuani, inasaidia moyo, inasukuma damu mfululizo bila kudunda. Kitendawili gani hicho: mzima, mshipa haupigi? Hata mimi ningekupa mji.

Mwamini bado haamini. Ameweka sikio kifuani, anasikiliza pampu ikivuma, na kila Amuri akisinzia, anamufinya.