Boriti ya Chumba cha Cherehani

3 Machi

Kwako mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila kifua cha shemeji yako kinambana. Simu zangu hupokei, mwaka wa nne sasa, ndiyo maana natuma karatasi.

Sakafu ya ghorofani uliijenga wewe, basi nisaidie. Chumba cha cherehani kinanuka uyoga. Kwenye kona ya ukuta wa bafu rangi imevimba, na ubao unabonyea nikiukanyaga. Nimemlaumu shemeji yako, maana anaoga kama bata. Nipake rangi mpya? Jumatatu darasa la ushonaji linaanza, tutakuwa wanawake tisa humo.

Dada yako

8 Machi

Dada, shikamoo. Mpe pole shemeji.

Usipake rangi, utafungia unyevu ndani. Ng'oa ubao mmoja hapo konani, kisha chukua bisibisi uchome boriti pale inapoingia ukutani. Ikigoma, mti ni mzima. Ikizama, umeoza. Angalia pia kama kuna nyuzi nyeupe kama pamba, ndiyo kuvu inayokula mti. Muite fundi bomba atafute maji yanakotoka. Nijibu upesi.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu, salama?

Bisibisi imezama hadi kwenye mpini. Nyuzi zipo. Fundi bomba amekuta bomba la bafu linavuja ndani ya ukuta, ameliziba. Nadhani sasa mbao zitakauka zenyewe. Cherehani nimezisogeza upande wa dirishani na darasa linaendelea.

Ila fundi anasema uozo ule ni wa miaka mingi. Ulipopigilia mbao, boriti ilikuwa kavu?

Dada yako

14 Machi

Dada,

Barua hii nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Watoe watu humo leo. Kuziba bomba hakurudishi nguvu ya mti uliokwisha kuoza. Boriti zote nne zinaingia kwenye ukuta uleule. Wekeni nguzo chini yake, na asipite mtu.

Haikuwa kavu. Niliibonyeza kwa kidole, kikaacha alama. Baba alikuwa hoi, kila siku akiuliza, "Bado tu?" Alitaka kuiona nyumba imekwisha. Nikafunika. Ndiyo maana sikupokea simu. Kila ulipopiga nilidhani imeanguka.

Mdogo wako

19 Machi

Dada, shikamoo.

Dereva anaapa alikukabidhi. Sasa wewe ndiye hupokei. Niandikie hata neno moja.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu,

Barua ilifika saa nne asubuhi, darasa likiendelea. Niliwashusha wanafunzi mmojammoja, nikiwaambia watembee kando ya ukuta wa mbele. Tukashusha cherehani sita. Nikasema zilizobaki ziachwe. Shemeji yako akasema, "Moja tu," akapanda. Boriti ya konani ikakatika, akaanguka nayo hadi jikoni. Amevunjika mguu na mbavu mbili. Daktari anasema atatembea.

Nilimsomea barua yako hospitalini. Akasema, "Kwa hiyo si maji yangu." Nikalia mbele ya wauguzi.

Sijakusamehe, na sitaki kukudanganya. Lakini seremala wa hapa anataka kukata palipooza tu na kupaka dawa, nami najua wewe ungekata hadi kwenye mti mzima, na kupita hapo kidogo. Madirisha yako wazi, ukuta unakauka. Mlango wa jikoni siufungi mchana.

Usijibu kwa barua.

Dada yako