Jumamosi Wanataka Kukuombolezea Sinemani

Mdogo wangu Ukumu,

Watu wengi hukosea wanaposema vita ndiyo iliyoua sinema yetu ya katikati ya mji. Nimewaeleza kwa subira, kama nilivyokuwa nikieleza darasani: sinema ilifungwa kabla ya vita. Video ilifika, kila mtaa ukapata kibanda chenye televisheni na jenereta, na mabenchi ya ukumbi yakabaki matupu. Vita ilikuta kufuli mlangoni. Ilichukua mabati tu.

Vijana hawajui kwamba filamu zilikuja kwa Kifaransa na wengi hawakukielewa, kwa hiyo alihitajika mtu wa kusimama kando ya pazia la picha na kueleza. Mtu huyo ulikuwa wewe, na fimbo yako ya mwanzi.

"Muangalie uyu wa kofia! Ameacha bibi yake nyumbani, anasema anaenda kutafuta ngombe!"

Mtu wa nyuma akapaaza sauti: "Ukumu, Kifaransa ulisomea wapi? Uliacha masomo mu ya tatu!"

"Nyamaza weye! Hata farasi yake inanielewa!"

Watu wa makabila yote ambayo baadaye yangepigana walikuwa wamebanana kwenye benchi moja, wakifuta machozi ya kicheko. Njiani kurudi nyumbani, mtaani Saio, nilikuambia kwamba ulitafsiri vibaya.

"Yaya, weye fundisha shule," ulinijibu mimi kaka yako. "Hapa watu wamekuja kucheka."

Sinema ilipofungwa, ulifunga televisheni nyuma ya pikipiki ukaenda Iga Barrière, kuwaelezea wachimbaji dhahabu filamu zao. Kila Noeli ulirudi kwa Mama Rejine, mkeo. Kisha mapigano yakafunga barabara, simu yako ikanyamaza, na kila anayetoka kule anasema hakukuona, si mzima wala maiti.

Sasa ukumbi umefufuka. Vijana wameutengeneza kwa mikono yao: mabati mapya, jukwaa la mbao palipokuwa na pazia, spika kubwa kuliko kabati. Jumamosi ni tamasha la kwanza la muziki. Kiongozi wao alikuja nyumbani kwa heshima zote.

"Muzee, siye tunataka kuanza na dakika moja ya kimya, juu ya muzee Ukumu aliyekufa mu vita."

Kosa lile lile. Nikamweleza kwamba kutosikika si kufa, na kwamba vita husingiziwa hata mambo isiyoyafanya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamtazama mkeo, aliyekuwa ameketi nasi.

Mama Rejine hakuinua uso. "Semeki, uniachie," aliniambia mimi shemeji yake. "Nimechoka kuwa bibi ya mutu mwenye haiko. Tufanye matanga, nilie, nimalize."

Unajua matanga yalivyo kwetu. Yakishafanywa hakuna wa kuyarudisha: mkeo atanyolewa nywele, nguo zako watagawana ndugu, na ukitokea mlangoni mwezi ujao watoto watakukimbia. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa nyumba, wameniachia neno la mwisho. Wanalitaka Ijumaa.

Maelezo yameniishia, Ukumu. Nikikataa, namzika yeye anayekonda mbele ya macho yangu. Nikikubali, nakuzika wewe, na pengine muda huu unakula muhogo mahali fulani. Jana nilipita ukumbini walipokuwa wakijaribu spika. Sijui nini kilinishika. Nilichukua kipaza sauti, nikaliita jina lako, tena na tena, mpaka kijana mmoja akazima mashine na kunishika mkono. Hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana nimewaomba watu wa redio waisome barua hii, labda upo karibu na redio ya mtu. Kama una mke mwingine huko, sawa. Kama umepoteza mguu, tutakubeba. Kama ni aibu ya kurudi mikono mitupu, mimi mwenyewe nimebaki na pensheni isiyofika na meno machache. Sikuombi sababu. Sikuombi hata uje Jumamosi.

Leo, kabla jua halijazama, azima simu ya mtu yeyote, umpigie Mama Rejine.

Yaya wako