Ndugu Yangu Ameitwa Dona wa Figo, Je, Tumvue Shati?

Shangazi Mghoi, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Jumapili, maana Jumapili baada ya kanisa wajomba wanakuja hapa kwetu Sagalla kumvua ndugu yangu shati, na mimi ndiye niliyewaita, na sasa usingizi umenikataa kwa sababu sijui kama natafuta haki au naleta fujo.

Tumezaliwa wanne tumbo moja. Mimi ndiye kifungua mimba, ananifuata Nicholas anayelima ndizi huko Mboghoni, halafu Wakio, halafu Fanuel, kitinda mimba wetu. Wakio ndiye mgonjwa. Figo zake zote mbili zimekataa kazi, anashuka Voi kusafishwa damu kwa mashine, anarudi kwa boda akiwa amechoka hata kikombe cha chai kinamshinda kushika, na daktari alisema wazi kwamba njia nzuri ni mtu wa familia ampe figo moja. Basi tukakaa, tukaangaliana. Mama ana sukari, hawezi. Nicholas alipimwa akakutwa na presha, wakamkataa. Akabaki Fanuel peke yake, mwanamume, kijana, hajawahi hata kulazwa, na Mama akamwambia mbele yetu sote, "Mwanangu, dada yako yuko mikononi mwako." Fanuel akachukua kofia yake akatoka. Tangu siku hiyo ukimtajia kupimwa anainuka kwenda kutafuta mbuzi ambao hawajapotea.

Sasa sikia haya. Mwezi uliopita akatuambia mimi na Mama tujitayarishe, kuna karamu Voi ya mambo ya figo, imeandaliwa na klabu moja ya kusaidia jamii, wale watu wa vizibao vya kijani wanaokuja kupima watu macho bure. Nikafurahi jameni, nikadhani Wakio amepatiwa msaada. Tukavaa nguo za kanisa, tukakaa meza ya mbele, tukala pilau, hotuba zote Kiingereza kirefu, mimi nikawa nadaka neno hapa neno pale. Mara emsii akapaza sauti, "Na sasa dona wetu wa figo, Bwana Fanuel!" Watu wakasimama, wakapiga makofi, mwenyekiti akagonga kengele, ndugu yangu akaenda mbele akavishwa beji kifuani akapewa na kibao kinachong'aa. Mama akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Akaniuliza, "Dona? Kwani ametoa figo? Amempa nani?"

Shangazi, kuku wangu sikummaliza. Dada yake wa damu yuko kwenye mashine, na yeye ametoa figo nje akapigiwa makofi!

Nikaanza kuunganisha mambo. Kumbe mapema mwaka huu Fanuel alipanda treni kwenda Mombasa, akatuambia anafuata vipuri, akalala huko usiku mmoja, akarudi bila vipuri na plasta kwenye kiwiko, akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka giza likaingia, chakula hataki. Nilipomuuliza akasema amechoka. Halafu fahali wake Sabuni, yule aliyemlea tangu ndama, siku moja nikakuta zizi tupu, akasema amemuuza, na pesa zilikokwenda hasemi. Halafu, na hapa ndipo moyo wangu uliposimama, baba mkwe wake Mzee Kituku. Huyu mzee mwaka jana alikuwa amevimba miguu hata viatu havimwingii, leo ukipita shambani kwake unamkuta ameshika jembe anapiga mluzi. Amepona na nini? Mutheu, mke wa Fanuel, ndiye binti yake wa pekee, na hawa watu wa bara, Shangazi, mimi sisemi mengi. Nilimwuliza Mutheu uso kwa uso, "Wifi, figo ya ndugu yetu iko wapi?" Akanitazama, machozi yakamlengalenga, akasema, "Wifi, acha tu," akaingia ndani akafunga mlango. Asiye na hatia anafunga mlango?

Fanuel mwenyewe nilimbana siku ileile ya karamu, tukishuka kwenye gari. Nikamwambia, "Ulichotoa amepewa nani?" Akanijibu, "Dada, nilichotoa kitasaidia watu ambao hata sitawajua, wengine bado hawajazaliwa." Hawajazaliwa! Figo ya mtu ambaye hajazaliwa inawekwa wapi, kwenye friji? Hapo nikajua ananificha.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kile kibao. Kimeandikwa jina la Wakio. Sio Fanuel, ni Wakio, na yuko hai, anakula, anaongea! Kwetu jina la mtu likichongwa tunajua amelala. Pale kanisani vibao vyote ukutani ni vya marehemu. Wamemzika dada yangu mapema, wakala na pilau. Na yeye maskini amekiegemeza dirishani karibu na kitanda, anakipangusa kwa ncha ya leso kila asubuhi na kutabasamu. Nilitaka kukiondoa akanishika mkono akasema, "Kiache, ni changu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana nikawaita wajomba. Wanataka avue shati mbele ya watu tuone kovu, na kovu likionekana aseme figo iko wapi, na asiposema asiitwe tena mtoto wa nyumba hii. Mama amekubali huku analia. Wakio hatujamwambia. Je, Shangazi, nikiendelea nitakuwa nimekosea? Na kama figo amempa baba mkwe, tunaweza kuidai? Wakio anazidi kukonda. Nisaidie.

Dada Mkubwa, Sagalla

*

SHANGAZI MGHOI ANAJIBU:

Dada Mkubwa, marahaba. Pole kwa ugonjwa wa Wakio. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili kicheko kikaniisha.

Kwanza tumalize hilo la kuidai figo kwa Mzee Kituku. Ungeenda kuidai na nini, mwanangu, kapu? Figo haing'olewi kama jino, mtu akalala usiku mmoja Mombasa, asubuhi akapanda treni. Anayetolewa figo hulazwa, huuguzwa, na hukaa wiki nyingi bila kubeba kitu kizito. Miguu kuvimba ina sababu mia, na huyo mzee huenda alifanya jambo ambalo wengi wetu hatufanyi: alimeza dawa zake zote. Unamnyima mtu hata haki ya kupona?

Sasa hilo neno dona. Hizo karamu za vizibao nimewahi kualikwa. Kwa watu wa klabu, dona ni mfadhili, mtu aliyechangia pesa. Dona wa figo kwao ni aliyechangia utafiti wa ugonjwa wa figo, ili madaktari wachunguze kwa nini unatupata na watauzuiaje. Ndiyo maana ndugu yako akakwambia kitasaidia watu ambao hawajazaliwa. Alisema ukweli mtupu, wewe ukawaza friji. Fahali yuko wapi? Kwa maoni yangu, Sabuni ndiye aliyegeuka beji na kibao. Kama unajiuliza kwa nini hakumpa Wakio hizo pesa, hilo ni swali halali, mwulize kwa adabu na umsikilize mpaka amalize.

Na kibao? Hao watu wana desturi yao: aliyetoa anaruhusiwa kuandikisha jina la mtu anayempenda badala ya lake, na wengi huandikisha walio hai. Fanuel alisimama mbele ya ukumbi mzima akaikataa sifa, akampa dada yake. Nyinyi mkaona kaburi. Wakio ameona nini hata anakipangusa kila asubuhi? Yeye yuko chumba cha pili, mdomo anao, na ndiye mtu pekee ambaye hujamwuliza lolote. Nashuku anajua kitu ambacho wewe hujui.

Hata mimi nashuku kitu, ingawa si mpiga ramli. Ile plasta ya kiwiko. Mtu huwekwa plasta hapo akitolewa damu. Alikwenda Mombasa kwa siri, akatolewa damu, akarudi akakaa nyuma ya nyumba mpaka giza, chakula hataki. Hebu jiulize, huyo ni mtu aliyekataa kupimwa, au ni mtu aliyepimwa akaambiwa hafai? Mama yenu alimwambia mbele ya watu kwamba dada yake yuko mikononi mwake. Ukibebeshwa hivyo halafu hospitali ikuambie mikono yako haitoshi, unarudi nyumbani kusema nini? Pengine alimwambia Wakio na mkewe tu, na ndiyo maana Mutheu alikufungia mlango, maana siri si yake. Naweza kuwa nimekosea. Lakini kukosea kwangu hakuvui mtu shati.

Tena huyo Mutheu utamwomba msamaha. "Sisemi mengi" yako imesema mengi mno. Ameolewa kwenu, analia machozi ya ndugu yako, na wewe unampimia kabila.

Wapigie wajomba leo uwaambie wasije. Usimtume mtu, ni wewe uliyewaita. Mweleze Mama neno dona lina maana gani ili alale. Halafu keti na Wakio, mpelekee na maji ya kunywa, mwulize, "Hiki kibao kilipatikanaje?" kisha ufunge mdomo. Fanuel usimwite kikaoni. Mfuate huko anakotafuta mbuzi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo barua yako imelipita kimya kimya, nami sitalipita. Umesema mmezaliwa wanne tumbo moja. Mama ana sukari. Nicholas ana presha. "Akabaki Fanuel peke yake." Peke yake vipi? Nimehesabu tena na tena, mwanangu, na kila nikihesabu nakuta kifungua mimba mmoja mwenye macho makali ya kuona plasta ya mwenzake, zizi la mwenzake na miguu ya mzee wa watu. Nyani haoni kundule. Wewe ulipimwa lini?

Sikulazimishi, na wala sheria haimlazimishi mtu. Kuogopa kisu si dhambi. Hata mimi ningeogopa. Unaweza kupimwa usifae, unaweza kufaa ukasema hapana, na hospitali wana watu wa kuzungumza nawe faraghani. Lakini ukiogopa, mwambie Wakio kwamba unaogopa. Usiifiche hofu yako ndani ya shati la Fanuel.

Siku Wakio atakayoshuka tena Voi kwa mashine, panda boda pamoja naye. Mwache Fanuel na shati lake. Wewe kunja mkono wa blauzi.