Mnyamwezi wa Bigwa

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Viraka vitano leo, pedali moja, breki za baiskeli ya mwalimu wa Mkuyuni. Solusheni ya kubandikia viraka inaisha na madukani hakuna. Miguu ya mke wangu Sera imevimba. Umebaki mwezi mmoja ajifungue.

Bi Tatu, mama mwenye nyumba, amempa Sera kiti chake cha jikoni. Miaka mitatu tuko kwake hapa Bigwa na hajauliza kibali hata siku moja. Wateja wangu wa kwanza aliniletea yeye. Nilimdanganya kuwa mimi Mnyamwezi wa Tabora. Akasema, basi wewe mtani wetu sisi Waluguru, akacheka. Nikacheka pia, ili yaishe.

Mrundi asiye na kibali cha mjini anapelekwa makazi ya wakimbizi. Sera haendi huko na tumbo lile. Mtoto wa kwanza tulimzika njiani tukikimbia Burundi. Huyu atazaliwa hapa, penye hospitali.

Alhamisi, 7 Agosti

Bi Tatu amefariki alfajiri. Kifua. Sera amelia mpaka nimeogopa. Mtu mzima mimi, najiona yatima. Wanazika leo leo, baada ya adhuhuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya ujinga mkubwa.

Jana makaburini Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, alinishika mkono mbele ya watu. "Haya mtani, ingia ulale humo. Hutoki mpaka tukupe jogoo!" Wazee wakacheka. Nikaona wanamdhihaki marehemu, mama aliyenihifadhi. Hasira zikanipanda. Nikasema, "Mzee, mheshimuni maiti."

Vicheko vikakatika. Wakanigeukia wote.

Mzaramo mmoja akaruka yeye. Akajilaza kaburini, akadai jogoo wake, akamsema Bi Tatu kwa uchoyo wa chumvi. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndipo nilipojua kuwa hiyo ndiyo heshima yenyewe. Waluguru wakifiwa, watani wao wanakuja kuwachekesha. Mnyamwezi wa kweli hafundishwi hayo ukubwani.

Shomari alinitazama njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuna aliyeleta baiskeli. Hata moja. Watu wanapita mbele yangu wakisukuma matairi yasiyo na upepo mpaka mjini. Shikamoo zangu zinaitikiwa "marahaba" ya haraka haraka. Lisemwalo lipo, na safari hii lipo kweli.

Jumanne, 12 Agosti

Shomari kaja na mgeni, mfanyakazi wa reli. Mgeni kanisalimu kwa Kinyamwezi. Nimejibu kwa Kiswahili. Kauliza kijiji changu. Nimetaja stesheni niliyoisikia kwa watu. Wametazamana, wakaondoka bila kukaa.

Sera anataka tukimbilie Mikese. Kwa miguu ile? Usingizi umenipotea. Mlango ukigongwa, nazima taa.

Alhamisi, 14 Agosti

Barua ya wilayani. Nifike kesho, na mke wangu. Shomari kaileta mwenyewe. "Mwanangu, daftari la nyumba kumi ninalo mimi. Nikiandika uongo, nafungwa mimi."

Nimeipokea barua. Namchukia. Na uongo ni wangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Karani kauliza natoka wapi. Nimesema Burundi.

Makazi ninayopelekwa yako Tabora. Nilicheka pale pale ofisini, karani akaniona kichaa. Treni ni Jumapili. Sera ameruhusiwa kubaki mpaka ajifungue, akipata mwenyeji wa kumdhamini. Nilijiuliza nani. Wetu tumeshamzika.

Shomari alikuwa amesimama nyuma yetu. Akamwomba karani kalamu.

Jumapili, 17 Agosti

Niko stesheni. Treni imechelewa.

Mke wa Shomari kampa Sera kitanda chake, mwenyewe analala mkekani. Asubuhi nimemshukuru Shomari. Bado sijamsamehe. Yote mawili ni kweli.

Nimemwandikia Sera majina mawili kwenye karatasi, la kike na la kiume. Ya kwetu, ya Kirundi. Ameyasoma kwa kunong'ona, kama tulivyozoea kusema lugha yetu hapa. Halafu ameyasoma tena kwa sauti, uani, watu wakisikia.

Moja litaitwa mwezi ujao. Sitakuwepo.