Safu ya Walioondoka kwa Hiari

Kwako Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kusaga meno. Sisi huku wazima. Binti yako ameng'oka jino la mbele na ameniamuru nikuandikie kwamba hakulia. Uongo mtupu. Alilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nije kwenye swali lako. Barua ya tatu hii unaniuliza ni rais yupi kati ya hawa watatu wa huku aliyefukuza wageni wengi zaidi, eti kwa kinyozi mmebishana mpaka mteja akatoka amenyolewa upande mmoja. Kaka, umenichosha! Swali hilo ndilo ninaloshinda nalo ofisini. Bosi wangu wa takwimu pale uhamiaji anataka jedwali la ukurasa mmoja, marais wote watatu, msemaji wa wizara akawasomee waandishi wa habari. Nimelichapa mara kumi na moja.

Tabu ni kwamba kila mmoja alihesabu kivyake. Wa kwanza alimhesabu hata aliyerudishwa mpakani asubuhi, na huyo huyo akijaribu tena jioni alihesabiwa upya. Wa pili aliona uchaguzi unakaribia na idadi inamuumbua, akaanzisha safu ya walioondoka kwa hiari, wasiingie kwenye waliofukuzwa. Huyu wa sasa anahesabu waliopandishwa ndege tu. Nilimweleza bosi kwamba ni kama kulinganisha mbuzi aliyewekwa kwenye mzani na mbuzi aliyekisiwa kwa macho. Akasema hakuna anayesoma maelezo ya chini, niyafute. Nikayafuta. Msemaji akaja juu, akauliza kwa nini jedwali halina maelezo. Nilitamani kulitafuna.

Tangu Jumatatu kumezuka balaa jingine. Waliofukuzwa na rais wa pili wamezidi idadi iliyokwisha kutangazwa, tena kwa mtu mmoja. Mmoja! Bosi ametuweka watu wanne tunapekua mafaili, hata chai tunanywea juu ya makaratasi. Nami napekua pamoja nao, huku najua fika alipo.

Kaka, huyo mmoja ni wewe. Nimekutoa kwenye safu ya hiari nikakuandika na waliofukuzwa, kwa mkono wangu mwenyewe.

Unakumbuka siku uliyokaa mbele yangu, nilipokuwa mkalimani wa dirisha namba nne. Nilikusomea ile karatasi ya kuondoka kwa hiari, nikakwambia utie saini, kwamba baada ya miaka miwili utaomba kurudi. Ukurasa wa pili ulisema miaka kumi. Nilikuwa naujua kwa moyo. Tuliagizwa tukusanye saini nyingi, na ukurasa ule tusiusome mpaka mtu aulize. Wewe hukuuliza, kwa sababu aliyekuwa anakusomea ni mimi. Na kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa mezani kwa bosi huyu huyu, kinangoja saini yake. Niliogopa, Kaka. Sina neno lingine la kujitetea.

Sasa unaniandikia kwamba miaka miwili inatimia mwezi ujao na begi umeshalifunga. Lifungue. Imebaki minane. Mwanao atakuwa na miaka kumi na sita. Yeye bado anakata siku kwenye kalenda ya jikoni, na leo jioni nitakaa naye nimwambie. Kesho nitamwonyesha bosi mtu wake alipo, na nitamsomea ukurasa wa pili kwa sauti, wenzangu wote wakisikia. Akinitimua, nitakuandikia.

Jitunze, lichue goti, na ukitaka kunijibu kwa matusi, jibu tu, nitayasoma yote. Nisalimie kinyozi na wabishi wake. Wakikuuliza tena ni nani aliyekufukuza, usiwatajie rais yeyote. Nitaje mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku, kama ulivyoniita kwa sababu sijui kunyamaza