Wameifuta Sauti ya Mama

Nyemo, mdogo wangu,

Mbukwa. Najua hutaitikia, lakini mama alitulea hivyo: mtu haanzi maneno kabla ya salamu, hata akiwa na hasira. Na mimi nina hasira.

Wameifuta sauti ya mama.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu. Ulikuwa ukinicheka, "Kaka Mwalimu, wewe hata nyumba ikiungua utaanza na utangulizi." Basi huu ndio utangulizi. Tulipomaliza matanga, ukoo wa mumeo ulikaa kugawa vitu vyako. Vitenge vilifuliwa, vikaanikwa, vikakunjwa, kila mtu akapewa kilicho safi. Hapo sina neno. Hata vya mama tuligawa hivyohivyo. Ikafika zamu ya kompyuta. Mzee Ndahani, kaka wa mumeo, akasema mbele ya wote, "Nguo haivaliwi na jasho la marehemu. Na hii kila kilichokuwa chake kitolewe kwanza, ndipo binti yangu aichukue." Mumeo aliinamisha kichwa. Hakuna aliyeuliza ndani mlikuwa na nini. Mimi haya nilisimuliwa tu; nilikuwa nimekwenda Mpwapwa kuwashukuru waliochimba kaburi lako. Wakaipeleka kwa fundi wa kompyuta kule Majengo, naye akafanya alichoagizwa, akakifanya vizuri.

Unakumbuka siku tulipomrekodi? Mama mkekani akimenya karanga, wewe umeiweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. Alitaja majina ya mababu mmoja mmoja, akaimba wimbo wa kusaga uwele ambao mimi nilikuwa nimeusahau kabisa. Katikati ya wimbo akasimama, akakuuliza, "Hicho kidude chako nacho kinakula karanga?" Ulicheka mpaka kicheko chako kikaingia ndani ya rekodi. Kwa hiyo nimepoteza sauti mbili, si moja.

Na nilikuambia. Nisamehe, lakini nilikuambia. Mama hakuweka mbegu zote kwenye kihenge kimoja, kwa sababu panya mmoja anatosha kumaliza msimu mzima. Nikakuambia rekodi nazo ni mbegu: weka moja kwenye flashi kwako, nyingine kwenye flashi kwangu hapa Area D. Nakala mbili, nyumba mbili. Ukajibu, "Kesho, kaka. Kompyuta haina mchwa." Hiyo kesho yako ndiyo inayoniuma hadi leo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mengine yote niliyokufundisha uliyashika. Neno lako la siri lilikuwa sentensi nzima ya Kigogo, si jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Linki za bando la bure hukuzifungua hata zilipotumwa na mwenyekiti wa kwaya. Yule kijana aliyekupigia akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu, akitaka umsomee namba iliyoingia kwenye ujumbe, ulimjibu, "Mwanangu, namba hiyo anayo kaka yangu. Mpigie yeye akufokee." Ulijilinda na wezi wote. Nani angekuambia kwamba watakaokuja si wezi, ni ndugu?

Nilipopata habari nilimpigia binti wa Ndahani. Nikamwambia, "Izime sasa hivi, usiguse chochote." Nilijua kwamba kwenye kompyuta ya zamani kama yako kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo. Ni kama shamba lililofyekwa: majani hayaonekani, lakini mizizi ingali chini, na mwenye ujuzi anaweza kuifukua, mradi hakuna aliyelima tena juu yake. Akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo mjomba. Mbona tumeshajaza video za harusi? Siku hizi inawaka haraka sana!"

Nikasema marahaba. Ningesema nini kingine?

Fundi mwingine alijaribu. Alirudisha vipande vinavyokwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Nilivisikiliza vyote nikitafuta hata silabi moja ya mama. Hamna.

Tangu hapo, kila Jumamosi nafundisha barazani kwangu namna ya kutunza vilivyomo kwenye simu. Wanakuja wazee wenzangu na simu zao, na kina mama wa kwaya yako, nami nawaeleza taratibu kama nilivyokueleza wewe. Jumamosi iliyopita akaja Mzee Ndahani. Simu yake aliifunga kwenye leso.

"Mwalimu," akasema, "mke wangu atapasuliwa koo. Madaktari wanasema sauti huenda isirudi. Nimemrekodi anaimba. Nifanyeje isipotee?"

Nyemo, nilimtazama. Ulimi ulikuwa tayari kusema, "Kaifue, uianike." Nilimeza. Nikachukua waya, nikaunganisha simu yake na kompyuta yangu, nikamwonyesha namna ya kunakili, flashi ya kwanza, kisha ya pili. Nikamwambia afungue kila nakala na kuisikiliza, kwa maana nakala usiyoisikiliza ni ahadi tu. Akabonyeza. Mkewe akaimba barazani kwangu, mara mbili.

Ndipo akaniuliza kile ambacho hakuna aliyekiuliza siku ile ya kikao. "Ile ya shemeji Nyemo, kwani ndani mlikuwa na nini?"

Nikamwambia. Nilimtajia hadi karanga. Alivua kofia, na mimi sikumsaidia kwa neno la faraja. Alipoinuka, alinisogezea flashi moja juu ya meza. "Ulisema nyumba mbili, Mwalimu. Mimi nyumba nyingine ninayoiamini sina."

Iko kabatini kwangu, mahali nilipokuwa nimeitengea nafasi nakala yako.

Nakuahidi nitaitunza. Kila nitakapofuta vumbi kabatini nitaifungua nihakikishe bado inaimba. Mama hakutufundisha kumnyima mtu mbegu, hata aliyechoma ghala letu. Lakini kusamehe usinidai, mdogo wangu. Hilo bado.

Lala. Ukimwona mama, mwombe ayataje tena yale majina ya mababu, na safari hii uyashike kichwani. Huko hakuna wa kukufutia.

Kaka yako