Kisu Kilichobaki Ukweni

Kaka, nimeaibika. Natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Kile kisu changu kipya cha porini, si nilikuambia ni chepesi, ukikivaa kiunoni hukihisi? Ni kweli. Nilikisahau.

Nimeenda nacho ukweni. Kumwomba radhi mke wangu arudi nyumbani.

Nikainama kumwamkia baba mkwe, shati likapanda. Sebule nzima wakakiona kisu. Mama mkwe akauliza taratibu, "Mwanangu, umekuja kumchukua au kumchinja?"

Kumchinja, kaka. Mimi ambaye hata kuku nachinjiwa na jirani.

Nikajitetea eti ni cha kwenda nacho kambini. Mzee akakichomoa, akakijaribu kwenye ukucha. "Kikali kweli."

Akakirudisha kwenye ala, akakiweka kando yake. "Kitabaki hapa. Na mwenzio pia."